Kokteili za Mkesha wa Mwaka Mpya: Kuchanganya Mvinyo wa Mapovu Bila Kuiua Gesi

Kila Desemba ikielekea ukingoni, ndugu na majirani hunipigia simu na maswali yaleyale. Ninunue chupa gani? Kwa nini ile ya mwaka jana ilirukia dari? Embe linatangulia au mvinyo unatangulia? Halafu lile ninaloulizwa bila kukosa: "Nikipiga vyote kwenye blenda, kuna shida?" Shida ipo, tena kubwa. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja ili tarehe 31 jioni na mimi nipate nafasi ya kuoga.

Kabla ya yote, lishike hili. Unaponunua mvinyo wa mapovu badala ya mvinyo wa kawaida, kilichokupandishia bei ni gesi. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina kazi moja: kuizuia gesi isitoroke kabla ya saa sita usiku. Ukikosea vipimo utakunywa kitu kilichozidi utamu kidogo na maisha yataendelea. Ukiipoteza gesi, umekunywa juisi ya bei mbaya.

Andaa hivi kwanza

Tuanze na chupa. Sisi kila chupa yenye kizibo cha kuruka tunaiita shampeni, na mtaani hakuna wa kukushitaki. Champagne yenyewe hutoka eneo la Champagne nchini Ufaransa, na kwa bei yake sikushauri uimiminie embe. Ukiipata, inywe peke yake. Kwa kokteili tafuta Prosecco ya Italia, Cava ya Hispania, au Cap Classique ya Afrika Kusini. Hiyo ya mwisho hutengenezwa kwa njia ya Champagne, yaani mvinyo unachachuka mara ya pili humohumo ndani ya chupa. Chupa ya kwanza ya aina hiyo Afrika Kusini ilikuwa Kaapse Vonkel ya shamba la Simonsig, mwaka 1971.

Sasa soma lebo, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. *Brut* ni mvinyo mkavu, sukari yake haizidi gramu 12 kwa lita. *Extra Dry*, pamoja na jina lake la "kavu zaidi", ni mtamu kuliko Brut: gramu 12 hadi 17. *Demi-Sec* ni mtamu kwelikweli, gramu 32 hadi 50. Chukua Brut. Utamu utaletwa na matunda na shira. Ukianza na Demi-Sec kisha ukaongeza embe, wageni wataomba maji.

Kuna chupa mbili za kukwepa. Moja ni juisi ya zabibu yenye gesi, iliyovalishwa kizibo na karatasi ya dhahabu kama bibi harusi. Si mbaya, na tutaihitaji kwa wasiotumia kilevi, ila hakikisha hukuinunua kwa bahati mbaya. Mvinyo wa mapovu mara nyingi huandikwa kilevi asilimia 11 hadi 12.5. Nyingine ni ile ya kifuniko cha kuzungusha yenye gesi hafifu, ambayo ikikutana na juisi tu imelala. Angalia pia stempu ya kodi shingoni, ya TRA au KRA kulingana na uliko, maana msimu wa sikukuu ndio msimu wa vinywaji vya kufoji.

Chupa ngapi? Chupa moja ina mililita 750. Kokteili nyingi hapa zinakula mililita 90 za mvinyo, kwa hiyo chupa moja hutoa glasi nane. Wageni kumi wakinywa mbilimbili ni mililita 1,800. Nunua tatu, na moja ya akiba kwa ajili ya shemeji anayekuja bila kualikwa.

Vingine:

- Barafu nyingi, kilo tatu au nne, na chumvi ya mawe au ya kawaida
- Ndoo au beseni refu
- Glasi nyembamba ndefu. Kama huna, glasi ndogo ya maji inafaa kuliko kikombe kipana, maana mdomo mpana unaachia gesi haraka
- Chujio la chai lenye matundu madogo, na blenda kwa ajili ya matunda peke yake
- Mtungi wa asali au jemu wenye mfuniko unaobana, ndio utakuwa kitikisio chako
- Kijiko cha chakula (mililita 15) na cha chai (mililita 5)
- Taulo safi ya jikoni
- Sukari, ndimu, maembe, choya kavu, iliki, tangawizi

Hatua za mchana

1. Saa tisa alasiri, weka chupa kwenye friji. Zinahitaji saa tatu kwa uchache. Unataka nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi. Mvinyo wa baridi huishikilia gesi, wa joto huitema. Usiweke kwenye friza ukasema utakumbuka. Hutakumbuka, na chupa iliyoganda inaweza kupasuka.

2. Pika shira. Kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maji, koroga motoni hadi sukari iyeyuke yote, epua. Hii ni nyepesi kuliko shira ya kaimati, na ndivyo inavyotakiwa, maana shira nzito inazama chini ya glasi na kukaa hukohuko. Ipoze, kisha friji.

3. Pika shira ya choya. Kikombe kimoja cha choya kavu, vikombe viwili vya maji, kikombe kimoja cha sukari, iliki tatu zilizopondwa na kipande cha tangawizi. Chemsha taratibu dakika kumi, chuja, rudisha motoni hadi ibaki nusu. Rangi yake ni ya damu ya mzee na harufu yake itawaita watoto jikoni. Wape kidogo kwa maji baridi, waondoke.

4. Saga embe. Chagua dodo au bolibo lililoiva barabara. Embe lenye nyuzi litakutesa. Menya, saga pamoja na vijiko viwili vya maji baridi na nusu ndimu, kisha chuja. Chuja tena. Najua inachosha, lakini kila uzi unaobaki ni mahali pa gesi kukusanyika na kutokea, na hapo ndipo povu linapofurika hadi mezani. Embe kubwa moja linatosha glasi nane hivi. Rojo hilo nalo liende friji.

5. Osha glasi, kisha suuza mpaka sabuni iishe. Suuza mara mbili kwa maji ya moto. Utelezi kidogo wa sabuni au mafuta unaua mapovu papo hapo. Kausha kwa taulo safi.

6. Saa tano na robo usiku, andaa ndoo. Barafu nusu, maji hadi yakaribie shingo ya chupa, na konzi mbili za chumvi. Barafu tupu haipozi vizuri, kwa sababu inaigusa chupa hapa na pale tu. Maji ndiyo yanayoizunguka yote, na chumvi inayashusha chini ya sifuri. Umeme ukikatika, nao hupenda kukatika usiku huohuo, ndoo hii itaipoza chupa ya joto kwa dakika 30.

Kufungua chupa

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia macho. Mgandamizo ndani ya chupa ya Champagne ni karibu mara tatu ya ule wa tairi la gari dogo, na kizibo kinaweza kuruka kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa. Jicho halihimili hilo.

Mwaka mmoja nilifungua chupa iliyoshinda kwenye buti ya gari kutoka Morogoro hadi Dar, bila kuipoza, huku nimezungukwa na wapwa wanaoshangilia. Nusu ililiendea kochi la shemeji. Kochi lilikauka baada ya siku mbili, shemeji baada ya mwezi.

7. Iache chupa itulie. Kama imesafirishwa kwa bodaboda au imeanguka, ipe saa kadhaa kwenye friji bila kuguswa.

8. Ondoa karatasi ya juu. Ukishaiondoa, weka kidole gumba juu ya kizibo na usikitoe tena hadi mwisho. Hata kwenda kumpokea mgeni mlangoni, usikitoe.

9. Legeza waya. Kile kikonyo cha waya huzungushwa nusu duara mara sita. Ulegeze tu, usiuvue. Waya ukibaki juu unakupa mahali pa kushika.

10. Funika kwa taulo, inamisha chupa nyuzi 45, mdomo ukielekea pasipo na mtu, taa wala televisheni.

11. Zungusha chupa, si kizibo. Mkono mmoja umekishika kizibo kimya, mwingine umeshika kitako cha chupa na kuizungusha polepole. Utakisikia kizibo kikianza kupanda. Hapo kisukume kurudi chini, kana kwamba hutaki kitoke. Kitatoka chenyewe kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi.

"Sasa mlio wa pwaa uko wapi?" atauliza mtu. Mlio ule ni gesi yako inayoondoka. Kama familia haiwezi kuuona mwaka mpya bila mlio, tenga ile chupa ya juisi ya zabibu, mpe kijana mmoja aifungulie uani, mdomo ukiangalia mbinguni.

Kuchanganya

12. Kitu kizito kinatangulia, mvinyo unafuata. Rojo au shira chini, kisha mvinyo juu yake. Ukigeuza, rojo linazama kwa fujo na kufukuza gesi yote.

13. Inamisha glasi, mimina ubavuni kama unavyomimina bia. Wahudumu wa hoteli kubwa humimina katikati kwa madaha, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Reims walipima mwaka 2010 wakaona kumimina ubavuni kunabakiza gesi zaidi.

14. Mimina kwa awamu tatu. Kidogo, subiri povu lishuke. Kidogo tena, subiri. Kisha jaza. Mwishoni ingiza kijiko chembamba hadi chini, kiinue mara moja, basi. Usikoroge kama uji.

Onyo la blenda ni hili: mvinyo wa mapovu hauingii kwenye blenda wala kwenye mtungi unaotikiswa. Kamwe. Mtungi utapasuka au utakufungukia usoni.

Michanganyo minne ya kuanzia

*Bellini ya embe.* Bellini ya asili ilibuniwa na Giuseppe Cipriani katika Harry's Bar, Venice, mwaka 1948 kwa mujibu wa simulizi ya baa yenyewe, akatumia rojo la pichi jeupe na Prosecco. Jina alilitoa kwa mchoraji Giovanni Bellini. Desemba kwetu ni msimu wa maembe, kwa nini tuhangaike? Rojo la embe vijiko viwili vya chakula, mvinyo mililita 90. Embe ni zito kuliko pichi, kwa hiyo usizidishe. Kama uko karibu na Lushoto na umeyapata mapichi, fanya ile ya asili: rojo sehemu moja, mvinyo sehemu mbili.

*Ya choya.* Wafaransa wana Kir Royale, iliyopewa jina la Félix Kir, padri aliyekuwa meya wa Dijon. Wao huweka likeri ya *blackcurrant*, tunda dogo jeusi lenye uchachu, ambayo kuipata hapa ni kazi na bei yake ni kilio. Choya inaleta rangi na uchachu unaokaribiana nao. Shira ya choya kijiko kimoja cha chakula, mvinyo mililita 100. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote kwa anayeanza, na kwenye picha inapendeza kupita zote. Binafsi naipenda kuliko Kir yenyewe, na sioni haya kusema.

*French 75.* Hii ina nguvu. Ilipewa jina la mzinga wa Kifaransa wa milimita 75 uliotumika Vita Kuu ya Kwanza, na waliolitoa jina hilo hawakuwa wanatania. Tia kwenye mtungi wa asali jin vijiko viwili vya chakula, maji ya ndimu kijiko kimoja, shira kijiko kimoja na barafu. Funga, tikisa sekunde kumi na tano, chuja kwenye glasi. Hapo ndipo umimine mvinyo mililita 60 juu. Waganda watatumia Waragi. Watanzania wataniuliza kuhusu Konyagi: ndiyo, inakubali, punguza tu shira nusu kijiko kwanza uonje. Glasi moja ya hii ina pombe kali *na* mvinyo, kwa hiyo mgeni anayesema "mbona kama juisi" ndiye wa kuangaliwa zaidi.

*Ya machungwa.* Klabu ya Buck's ya London iliianza mwaka 1921: mvinyo sehemu mbili, juisi ya chungwa sehemu moja. Ukiweka nusu kwa nusu inaitwa mimosa. Kamua machungwa siku hiyohiyo na uchuje. Juisi ya boksi huwa na sukari yake na inaharibu hesabu. Ndiyo nafuu kuliko zote kama wageni ni wengi.

Kwa asiyependa utamu kabisa, kuna Black Velvet: bia nyeusi nusu, mvinyo nusu. Waingereza husema ilianza London mwaka 1861, kumwomboleza Prince Albert, mume wa Malkia Victoria. Baba mkwe wangu ndiye pekee nyumbani anayeimaliza.

Wasiotumia kilevi

Usiwafanyie kama nyongeza. Kuna Waislamu mezani, kuna wajawazito, watoto, dereva, na waliotoka kwenye mkesha kanisani. Tumia rojo na shira zilezile na glasi nzuri zilezile, ila badala ya mvinyo mimina maji ya soda yaliyopoa. Maji ya soda hayana sukari, kwa hiyo choya ongeza iwe vijiko viwili. Ukitumia juisi ya zabibu yenye gesi, punguza shira iwe kijiko cha chai na kamulia ndimu.

Andaa hizi *kwanza*, kabla chupa ya mvinyo haijafunguliwa, kwa chujio na kijiko chake, na ziweke kwenye sinia ya peke yake. Kwenye giza na kelele za saa sita, embe na embe hazitofautiani kwa macho. Mimi huweka jani la mnanaa kwenye zisizo na kilevi, na kila mtu nyumbani anajua alama hiyo. Na anayeendesha, awe na gari au bodaboda, anywe kutoka sinia hiyo tu.

Anza kumimina saa sita kasoro dakika kumi, si mapema. Rojo na shira vinaweza kukaa kwenye glasi tangu saa tano na nusu ndani ya friji. Mvinyo ndio unaosubiri hadi mwisho.

Mambo yakienda kombo

*Povu linafurika.* Rojo halikupoa, halikuchujwa vya kutosha, au una haraka. Lirudishe friji dakika kumi na umimine kwa awamu.

*Hakuna mapovu.* Ikiwa ni glasi moja tu, kosa ni la glasi: sabuni au mafuta. Suuza kwa maji ya moto. Ikiwa ni zote, chupa ilikuwa ya joto au ilikaa wazi.

*Kizibo hakitoki.* Shika kwa taulo kavu, zungusha chupa kwenda na kurudi. Usitumie kizibuo cha kutoboa. Unatoboa kitu chenye mgandamizo huku uso wako uko juu yake. Mpe mwenye mikono imara, mdomo wa chupa ukiwa bado mbali na watu.

*Chupa imeganda kwenye friza.* Usiifungue. Isimamishe kwenye friji ya kawaida hadi iyeyuke yote, na usiku huo fungua nyingine.

*Imezidi utamu.* Matone ya ndimu, kisha nyongeza ya mvinyo. Usiongeze maji.

*Imezidi ukali.* Shira kijiko kimoja cha chai, imiminwe ubavuni mwa glasi, iachwe izame.

*Rojo limekaa chini na mvinyo uko juu.* Inua mara moja kwa kijiko chembamba. Likirudi chini tena, lilikuwa zito mno. Liongezee kijiko cha maji baridi kwa glasi zinazofuata.

*Chupa imebaki nusu.* Ile ya kuweka kijiko mdomoni mwa chupa ili gesi isitoke ni hadithi tu. Kinachosaidia ni kizibo maalumu kinachobana, pamoja na friji, na hata hivyo inywe kesho yake. Usijaribu kurudisha kizibo kilekile. Kimeshavimba, hakiingii tena.

Ikishaisha gesi kabisa, usimwage. Weka kikombe kimoja kwenye sufuria ndogo na vijiko vinne vya sukari na iliki mbili, chemsha hadi ibaki nusu, ipoze, na tarehe moja mchana imwagie embe na nanasi zilizokatwa. Kilevi hakiishi chote jikoni, kwa hiyo bakuli la watoto lichote kabla.